Mtu wa Kumi na Tisa

Jumamosi ile ya fainali, majina yaliposomwa mlangoni pa banda la kubadilishia nguo na la Jabez Trevaskis lisisikike, Jabez aliinamisha kichwa, akakunja uso kama mtu aliyefiwa, na moyoni akasema ahsante Mungu.

Uso ule wa msiba alikuwa ameshauzoea, maana msimu mzima alikuwa akiuvaa. Mwaka ule chama cha wilaya kilikuwa kimeamua kwamba katika mpira wa Australia, ule unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, timu haziingizi tena watu ishirini uwanjani bali kumi na wanane, kama walivyokwisha kufanya wakubwa wa Melbourne, na pale Mount Corella kila mtu alijua ni wawili gani watakaopunguzwa. Mmoja alikuwa na akili ya kuhamia magharibi kutafuta dhahabu kabla hajaambiwa. Wa pili alikuwa Jabez. Yeye alibaki, akafanywa mtu wa akiba. Kila Jumamosi alikuja na viatu vyake ndani ya mfuko wa turubai, akakaa uzioni karibu na mkewe, akaomba wote kumi na wanane wawe wazima mpaka kengele ya mwisho.

Angeweza kusema amechoka. Kwa mkewe, Loveday, alilisema kila msimu ulipokwisha, na kila msimu ulipoanza akalikana. Tatizo lilikuwa mji. Corella ni mji wa wachimba dhahabu waliotoka Cornwall, kule Uingereza, au waliozaliwa na waliotoka Cornwall, na kwao mwanamume haachi mpira kwa miguu yake mwenyewe, anangoja kubebwa. Zaidi ya hayo, Jabez alikuwa Jabez wa Ngazi. Jina hilo alilipata uwanja ukiwa bado na mikaratusi katikati, ambapo ilibidi ukwepe mti kwanza ndipo umkwepe mpinzani, na mtu akitaka kufunga alichimba kishimo kwa kisigino, akausimamisha mpira humo, akapiga. Siku zile Jabez aliruka akaweka goti moja mgongoni kwa mtu na jingine begani, akaudaka mpira juu ya vichwa vya wote, kisha akashuka taratibu. Watu wakazoea kumwitia kila mpira unapopaa: "Panda ngazi, Jabez!" Walimwitia hivyo kabla hajaoa na baada ya kuoa. Walimwitia hivyo aliporudi kutoka Melbourne, alikokwenda kuchezea timu kubwa, akakimbia kabla msimu haujafika nusu kwa kuwa kelele za jiji zilimnyima usingizi. Magoti yakaisha, lakini kelele hazikuisha. Asubuhi hizi alishuka kitandani kwa awamu, mguu huu kwanza, mapumziko, halafu mguu ule.

"Usiinamishe kichwa namna hiyo," Loveday alimwambia alipofika uzioni. "Umefurahi mpaka masikio yamesogea."

"Nyamaza, mke wangu. Watu watasikia."

"Wasikie. Wewe unaogopa wasikie nini, kwamba una magoti?"

Loveday alikuwa ameketi juu ya kasha la mbao, kapu la pai za nyama na viazi miguuni, koti zito la mumewe mapajani kama blanketi. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza kitu, hata maneno. Ndiye aliyefuma soksi za timu, na ndiye aliyelalamika kuliko wote kwamba wamepunguza jozi mbili baada ya yeye kununua sufi.

Jabez hakupata nafasi ya kumjibu. Horrie Nankervis, nahodha, alikuwa anakuja mbio upande wao. Horrie alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na siku za kazi alikuwa fundi wa mihimili ya kuegemeza mapaa ya mgodi. Alipotembea ungedhani amebeba mhimili mmoja begani hata leo.

"Jabez, usiende mbali. Wes hajafika."

"Yuko wapi?"

"Chini. Mashine ya kamba ya mgodini imekwama tangu asubuhi, kizimba cha kuwatoa hakipandi. Hakuna aliyeumia, wanacheza karata huko huko. Lakini hawapandi."

Jabez aliutazama mfuko wake wa viatu. "Basi niingie?" aliuliza, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Horrie aliyatazama magoti yake kwa muda ambao rafiki hapaswi kuyatazama. "Hapana. Tunaanza na kumi na saba, nafasi yake tunaiacha wazi mpaka afike. Wes ana mapafu ya farasi. Wewe nitakuita mambo yakiharibika. Njoo usikie ninachowaambia wenzako."

Ndani ya banda kulinuka mafuta ya mikaratusi na matope. Horrie alipanda juu ya benchi ndipo akaonekana na wote.

"Sitasema mengi. Wale Barkers Reach ni wakata mbao na wafugaji, wana miguu lakini hawana hasira. Mwenye hasira ni nahodha wao, Rattray, na Rattray ni mtu wa kuhesabu. Mnakumbuka alivyowafanya Ridleys Dam mwezi wa sita?"

Walikumbuka, wakaguna. Ridleys Dam walikuwa wanaongoza vizuri tu, ila kwa mazoea ya miaka waliingiza mtu mmoja zaidi baada ya mapumziko, bila hila yoyote. Rattray akaenda kwa refa akadai wahesabiwe, kwa maana kila nahodha ana haki hiyo. Mchezo ukasimama, watu wakapangwa mstari katikati ya uwanja, wakahesabiwa mmoja mmoja kama kondoo. Alipopatikana wa kumi na tisa, magoli yote ya Ridleys Dam ya siku ile yakafutwa ubaoni. Nahodha wao alilia mbele ya mkewe.

"Kwa hiyo tukizidi hata kwa mguu mmoja," Horrie alisema, "kombe linaondoka na treni ya saa kumi na mbili. Leo hatuwezi kuzidi, maana tumepungua. Haya, twendeni."

Walicheza robo tatu za mechi wakiwa pungufu, na Jabez alizitazama zote huku akiwa ameshika uzio kwa mikono miwili. Corella walikimbia kama watu wanaofukuzwa na mvua. Ilipofika mapumziko ya mwisho walikuwa mbele kwa pointi mbili, lakini walikuwa wamelala chali kwenye nyasi, ndimi nje, na aliyewaona alijua kwamba pointi mbili hizo hazifiki mwisho.

Horrie alikuja uzioni akitembea. Safari hii hakuwa na mbio.

"Mambo yameharibika," alisema.

"Wes?"

"Bado. Vaa."

Jabez alikaa chini akafunga viatu vyake vya zamani, vile vyenye vipande vya ngozi vilivyopigiliwa kwenye soli. Soksi zake zilikuwa za mwaka juzi, zimepauka. Loveday alimngoja amalize fundo la pili.

"Urudi na miguu yote miwili," alisema. "Mmoja sitaupokea."

"Nitakaa pembeni, karibu na goli. Sitakimbia."

"Umesema hivyo mwaka gani?"

Hakwenda katikati walikokusanyika wenzake. Horrie alimwonyesha kwa kidole kona ya kushoto ya goli la kushambulia, na Jabez akaifuata kando ya uzio ili kubana hatua. Watu walipomwona anaingia walipiga makofi yenye huruma ndani yake, na kelele ile ya zamani ikaanza: "Ngazi! Ngazi!" Alijibu kwa kuinua mkono. Hakuwa na furaha hata kidogo, na hilo lilimuumiza, kwa maana aliwahi kuwa kijana ambaye hakulala usiku wa kuamkia mechi.

Kwenye kona alimkuta mlinzi wake anamngoja. Alikuwa kijana mrefu mwenye madoa usoni, mtoto wa mfugaji, jina lake Lachie Muir.

"Shikamoo, babu," Lachie alisema. "Umepotea njia? Kanisa liko kule."

"Nimetoka huko. Nilikuwa nakuombea."

"Kaa basi, babu, nisije nikakukanyaga. Nikuletee kiti?"

"Kijana, mimi nilikuwa napanda mgongo wa baba yako kabla hajajua atakuwa baba. Muulize akuonyeshe alama."

Lachie alicheka, akasogea karibu, bega kwa bega. Refa akaudundisha mpira katikati, na robo ya mwisho ikaanza.

Dakika za kwanza mpira haukufika upande wao. Barkers Reach walishambulia, wakakosa, wakashambulia tena, na Jabez akawa mtazamaji mwenye nafasi nzuri kuliko wote waliolipa kiingilio. Kisha akamwona mtu wa Corella anauchomoa mpira kutoka kwenye rundo la miili, anageuka, anaondoka nao kasi ambayo hakuna mwenzake aliyebaki nayo. Alikuwa na masizi usoni na shingoni, na jezi safi kabisa.

Wes Polglase. Kizimba kimepanda, Jabez aliwaza, na furaha ikamjaa mpaka akapiga makofi. Wes alikuwa amekimbia kutoka mgodini, akaruka uzio upande wa pili, na nahodha msaidizi, ambaye robo tatu nzima alikuwa ameililia nafasi ile iliyo wazi, akamwashiria aingie haraka. Hakuna aliyemuuliza mtu mwingine. Nafasi ilikuwa wazi, na mwenyewe amefika.

Mikono ya Jabez ilikuwa bado hewani ilipoacha kupiga makofi.

Nafasi haikuwa wazi. Nafasi ile ilikuwa imesimama hapa kwenye kona, imevaa soksi zilizopauka.

Alihesabu kwa macho mara moja, akakosea kwa woga, akahesabu tena. Walikuwa kumi na tisa. Mwaka mmoja tu nyuma wangekuwa pungufu. Leo walikuwa wamezidi. Kila pointi waliyoipata wakiwa kumi na saba, kwa jasho la robo tatu, sasa ilining'inia kwenye kidole cha Rattray. Na aliyezidi alikuwa yeye, mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa anaomba asiitwe.

Kutoka waziwazi hakungefaa. Refa angemwona, angeuliza ametokaje na aliingiaje, na Rattray hakuwa mtu wa kuacha swali kama hilo lipite. Jabez alimtafuta Horrie kwa macho, lakini Horrie alikuwa chini ya watu wanne katikati ya matope. Wengine wote walikuwa mbali.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo, babu?" Lachie alimuuliza. "Moyo?"

"Baridi."

Rattray mwenyewe alikuwa amesimama umbali wa kurusha jiwe, mikono kiunoni, kidevu juu. Jabez alimsikia akiwakaripia walinzi wake. "Nani anamshika yule mwenye masizi? Anapita peke yake kila mara. Kila mtu ana mtu wake?" Wakamjibu kila mmoja kwamba anaye wake. Halafu kidole cha shahada cha Rattray kikainuka kidogo kutoka kiunoni, kikaanza kusogea kutoka kwa mchezaji mmoja wa Corella hadi mwingine.

Ni wakati huohuo mpira ulipopaa.

Ulitoka mguuni kwa Wes, mrefu, umetulia hewani bila kuyumba, unakuja moja kwa moja kwenye kona ya kushoto. Ulikuwa mpira ambao mtu huupata mara chache katika maisha yake ya uchezaji, na Jabez alijua utatua wapi kabla haujafika kilele. Lachie alikuwa mbele yake, ameshindilia visigino vyake ardhini, mgongo mpana umeinama kidogo. Mgongo ule ulikuwa ngazi kabisa. Mji mzima ukasimama. "Panda ngazi, Jabez!" Kina mama walipiga kelele, wazee walipiga kelele, mhubiri aliyesema wiki iliyopita kwamba mpira ni upuuzi alipiga kelele.

Na miguu yake, miguu ile ya mapumziko kitandani, ikaruka yenyewe. Alipanda. Goti la kulia lilipata kiuno cha Lachie, la kushoto likapata bega, naye akawa juu ambako hakuwa amefika kwa misimu mingi, mpira mbele ya macho yake, mkubwa kama mkate, na mishono yake yote ikionekana. Akiudaka, mchezo utasimama apewe kupiga bila kusumbuliwa. Goli lilikuwa karibu, asingeweza kulikosa. Na kila jicho uwanjani, la refa na la Rattray, litakuwa juu ya mtu wa kumi na tisa. Hata wasimhesabu, lingekuwa goli la mtu asiyepaswa kuwapo.

Alikunja ngumi akaupiga mpira kwa nguvu zake zote, ukaenda nje, juu ya uzio, katikati ya magari ya farasi.

Alianguka vibaya. Kelele iliyofuata haikuwa ya kumshangilia. Ilikuwa mguno wa watu waliokuwa wameshafungua midomo kufurahi, na baada ya mguno yakaja matusi. Jabez hakuyangoja. Aliinuka, akaenda kuufuata mpira kama mchezaji anavyofanya, akapita chini ya mbao za uzio kwa kubingiria maana kuruka alikuwa ameshamaliza, akaukuta mpira chini ya tumbo la farasi mwekundu, akaurusha uwanjani juu ya vichwa vya watu. Macho yote yaliufuata mpira. Yeye akainama, akapita kati ya magurudumu mpaka kwenye kasha la mbao.

"Umeumia?" Loveday alisimama.

"Nipe koti."

"Koti?"

"Koti na kofia, Loveday. Usiniulize."

Loveday aliangalia uwanjani. Midomo yake ilitembea bila sauti, kama ilivyotembea alipohesabu vishono jioni, ikafika kwa Wes, ikasimama. Alimvalisha koti, akalifunga vifungo mpaka shingoni, akamkandamizia kofia mpaka kwenye nyusi, akamsukuma akae, akatupa shali juu ya miguu yake. Kisha akampa pai.

"Kula," alisema. "Mtu anayekula hatazamwi."

Alikuwa hajang'ata mara mbili Rattray alipomwendea refa, mkono juu. Mchezo ukasimama. Uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu kila mtu wa wilaya ile alijua maana ya mkono ule.

"Nataka Corella wahesabiwe," Rattray alisema, na maneno yakafika mpaka uzioni.

Horrie alicheka kwa sauti. "Hesabu, bwana. Hesabu hata mara mbili. Tumecheza pungufu siku nzima, labda utatupata tumezaa." Akawapanga wenzake mstari mwenyewe, kwa mbwembwe, akiwavuta kwa mabega. Alipofika kwa Wes, mkono wake ulibaki begani kwa Wes. Jabez, akiwa na mdomo uliojaa viazi, aliona kicheko cha rafiki yake kikiondoka usoni polepole. Horrie aligeuka akatazama kona ya kushoto. Akatazama mwanzo wa mstari na mwisho wake. Alikuwa na sura ya mtu aliyesikia paa la mgodi likilia.

Refa alianza upande wa kulia, akigusa kila kifua kwa kidole. Pembeni yake alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye kiko, mstaafu wa mgodini, ambaye alikuwa hajamtambua.

"Ulimwona yule Trevaskis?" mzee alisema bila kugeuza kichwa. "Anapanda vizuri halafu anapiga ngumi kama anafukuza nzi. Zamani angeudaka kwa meno."

"Amezeeka," Jabez alisema.

"Amezeeka vibaya."

Refa alifika mwisho wa mstari. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama kijikaratasi chake, na kwa kipindi kile kirefu Loveday alikuwa ameshika mkono wa mumewe chini ya shali mpaka vidole vikakosa damu.

"Kumi na wanane," refa alisema. "Tuendelee."

Jabez alimeza. Pai ilishuka, na pamoja nayo kikashuka kitu kingine ambacho kilikuwa kimekaa kifuani pake tangu mwanzo wa msimu, au labda tangu misimu mitatu. Alifunika uso kwa kofia kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuona haya. Miguu yake ilimuuma kila mahali inapoweza kuuma, na hakuna mtu duniani aliyeitaka tena.

Corella walizilinda pointi zao mbili kwa meno na kucha. Kengele ilipolia, kofia ziliruka juu, na watu wakamwagika uwanjani wakambeba Wes Polglase mabegani pamoja na masizi yake. Jabez alibaki ameketi. Hapo ndipo Horrie alipomfikia, akipita kati ya watu waliotaka kumkumbatia bila kuwaona. Alisimama mbele ya koti, akainama, akachungulia chini ya kofia.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Horrie alikaa chini kwenye matope, palepale, akaweka kichwa kati ya magoti. "Nilikuingiza mimi mwenyewe," alisema. "Kwa kidole changu hiki. Nikasahau kumwambia mtu. Jabez, niliposimama pale kwenye mstari nilikuwa nimeshaanza kupanga nitahamia wapi."

"Kula pai," Loveday alimwambia, akampa moja.

"Nitawaambia wote. Leo leo, kwenye chakula cha usiku. Watu wanakutukana huko, wanasema umeukimbia mpira. Nitasimama juu ya meza."

"Hutasimama popote," Jabez alisema. "Ukiwaambia Corella, kesho Barkers Reach wamesikia, keshokutwa wamekata rufaa. Wacha waseme. Nimezeeka, nimeukimbia mpira, nimejificha nyuma ya uzio. Mimi nimeridhika."

"Utaishi na hilo?"

"Horrie, nimelala vibaya msimu mzima nikitafuta namna ya kuacha. Wamenitafutia wenyewe."

Horrie alimtazama, akataka kucheka, akatoa kitu katikati ya kicheko na kwikwi. Akainuka kwenda kuchukua kombe, na mkononi alikuwa bado na pai.

Wa mwisho kuja alikuwa Lachie Muir. Alikuwa anatembea kando ya uzio akielekea kwenye treni, viatu vimening'inia shingoni, na alipofika mbele ya kasha la mbao alisimama. Alizitazama soksi zilizopauka zilizotokeza chini ya shali. Alizitazama muda mrefu.

"Babu," alisema, "ulipita wapi? Nilikutafuta mpaka nyuma ya goli."

"Nilisikia njaa."

Lachie alikuna kichwa. Wekundu ulianza shingoni ukapanda kufunika madoa yake yote. "Rattray aliniuliza kabla hawajahesabiwa. Alisema, 'Lachie, mtu wako yupo?'"

Jabez na Loveday wote wawili waliacha kutafuna. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaye." Kijana alitazama chini. "Ndiyo mechi yangu ya kwanza ya fainali. Ningemwambiaje kwamba nimempoteza mzee mwenye magoti mabovu?" Kisha akatazama kasha, koti, kofia, na Jabez akaona hesabu inamkamilikia kichwani taratibu. Kijana alifungua mdomo. Akaufunga. Nyuma yake Rattray alikuwa anaita watu kwenye treni kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa jambo lolote.

"Una mgongo mzuri," Jabez alimwambia. "Mpana. Nimepanda mingi, wako ndio wa mwisho, na sikuwahi kupata mzuri kuliko huo."

Lachie alisimama kidogo akiwaza kama hilo ni tusi. Loveday akampa pai ya njiani. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mama," akaondoka akichechemea kidogo upande ule aliokandamizwa na goti.

Wiki iliyofuata mpiga picha alikuja kutoka mji mkubwa, na Horrie akamfuata Jabez nyumbani kumsihi akae walau pembeni mwa picha, kwa heshima ya miaka yote aliyoitumikia timu. Jabez alikuwa ameinua miguu juu ya kiti, ana chai. Alimuuliza kama anataka watu waanze kuhesabu tena. Horrie akaondoka.

Picha ile imetundikwa ukutani katika ukumbi wa wachimba mgodi, juu ya meza ya chai. Mjini hawamwiti tena Ngazi. Wanamwita Uzio, na vijana wanaosimuliwa kisa chake husimuliwa kwamba aliogopa akakimbilia nyuma ya uzio. Yeye hucheka pamoja nao. Lakini kila anapopita kuchukua chai husimama mbele ya picha, huweka kidole kwenye kioo na kuvihesabu vichwa kimoja kimoja, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofanya refa. Hupata kumi na wanane. Na kila mara, ingawa anajua atakachopata, hushusha pumzi ndefu kabla hajaenda kukaa.